Fundi wa Manyoya

Woga nilikuja nao mwenyewe kutoka Muheza. Fundi alinifundisha tu kuupanga. Kabla yake niliogopa ovyo. Niliogopa mbwa, radi, mnyapara, maiti, na kila mashine iliyozunguka. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiogopa kwa utaratibu, kila hofu ina saa yake na mahali pake, na kwa woga huo akala, akavaa na akaheshimika. Ndiyo maana nikimkumbuka, sura yake haiji kwanza. Huja miguu.

Alitembea kwa kuburuza nyayo. Majini ilikuwa lazima, maana kule kwenye maji madogo kuna samaki aitwaye taa, mpana, bapa, ambaye hujifukia mchangani akabakiza macho tu, na mkia wake una mwiba wenye sumu. Unyayo ukiburuzwa humgusa ubavuni, naye huondoka zake. Unyayo ukinyanyuliwa na kushushwa humwangukia mgongoni, na hapo mkia huinuka. Fundi hakunyanyua mguu majini, na kwa kuwa alishinda majini kuliko nchi kavu, mazoea yakamfuata hadi barazani na hadi msikitini. Makubadhi yake yalilika mbele yakabaki visigino. Wanawake wa kijiji wakiiona ile mistari miwili mchangani husema, "Fundi kapita, shamba lishalimwa." Yeye hakukasirika hata siku moja. Aliwajibu kwa upole kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, basi nyie chekeni.

Nilifika kijijini kwake, upande wa Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, katika miaka ya hamsini, uhuru bado. Dada yangu alikuwa ameolewa hapo na kusilimu. Mimi nilikuwa nimekimbia shamba la mkonge baada ya korona, ile mashine ya kusaga majani, kumkata vidole viwili mwenzangu aliyesimama mkono wangu wa kulia. Sikungoja mwisho wa mwezi. Nilikunja mkeka wangu jioni ileile, na dada aliponiona mlangoni akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mashine umeikimbia, kaka, sasa wajileta kwenye maji?"

Siku ya tatu Fundi akaja barazani kwa dada. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Nasikia waogopa maji."

"Naogopa, Fundi."

"Kuogelea wajua?"

"Sijui."

"Vyema. Kesho asubuhi njoo. Vijana wa hapa washaizoea bahari, hawanifai."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, na sijapata kusikia mtu mwingine aliyeajiriwa kwa sababu kama ile. Jina langu hakulitumia kamwe. Aliniita Mbondei, kwa kabila langu, basi, nami nilimwita Fundi kama kila mtu alivyomwita.

Ufundi wake ulikuwa wa chambo cha manyoya. Hicho si kipande cha pweza wala samaki aliyechacha. Ni ndoana iliyovishwa manyoya ya shingo ya jogoo na nywele za ndevu za beberu, ikatiwa risasi kidogo kichwani ili iruke mbali, ikafungwa kwa uzi wa katani uliopakwa nta. Ukikivuta majini kinaonekana kama kidagaa kinachokimbia roho yake. Wazungu wa mashamba ya mkonge walikuja Jumapili na mianzi yao yenye magurudumu ya mshipi, wakavua kwa mchezo, na waliyemtaka ni kolekole, samaki anayeweza kumvuta mtu mzima akaanguka kifudifudi. Kolekole hupanda kwenye mafungu, ile nchi ya mchanga na majani ya bahari ambayo maji yakipwa hubaki ya magotini. Pale havuliwi kwa kubahatisha. Lazima umwone kwanza, ndipo umtupie chambo mbele ya pua yake. Kwa hiyo Fundi alikuwa na vitu viwili vya kuwapa Wazungu, vyambo vyake na macho yake. Vyambo wangeweza kuviagiza kwao, ila macho yale hayakuwa na duka.

Sasa sikilizeni jambo lililoninyima usingizi mwezi wa kwanza mzima. Kolekole hapendi kujichosha. Humtafuta taa, akatembea naye juu ya mgongo wake, na taa anapofukua mchanga kutafuta kaa na kamba, kolekole huwadaka wanaokimbia. Taa wa namna hiyo Fundi alimwita taa aliyepakia. Asiye na mtu juu yake alikuwa taa mtupu. Maana yake ni kwamba kitu tulichokiogopa kuliko vyote ndicho tulichokwenda kukitafuta, asubuhi kwa asubuhi, tukakifuata kwa miguu mitupu.

"Mbona hatumtafuti kolekole mwenyewe, Fundi?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Kolekole mwepesi. Saa hii yuko hapa, saa hii yuko Pemba. Taa hana haraka. Mtafute unayemwogopa, Mbondei, utamkuta na unayemtaka."

Alisimama jua likiwa nyuma ya bega lake, mkono juu ya paji la uso, akatazama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayesoma barua ya mtu mwingine: "Kulia kwako. Hatua thelathini. Taa watatu. Wa nyuma kapakia." Mimi nilitazama nisione kitu ila mng'ao wa maji. Alinifundisha nisitafute samaki. Nitazame mchanga, na chochote kinachotembea juu ya mchanga bila miguu, hicho ndicho. Ilinichukua miezi mingi, nikaanza kuona, na nilipoanza kuona ndipo nikaogopa kweli, kwa sababu nilijua sasa ni wangapi.

Jicho lake kijijini lilikuwa mali ya wote. Mkufu ukipotea, Fundi huitwa. Dada alipoteza kipini chake cha pua pwani, mahali ambapo wanawake ishirini walikuwa wametanda uduvi kwa kanga zao tangu alfajiri, mchanga wote umevurugwa. Fundi akaja akiburuza, akasimama, akauliza, "Ulikuwa umeelekea wapi ulipopiga chafya?" Dada hakuwa amemwambia mtu kwamba alipiga chafya. Akaonyesha. Fundi akatazama kidogo, akainama, akaokota. Dada aliieleza habari hiyo miaka yote, na kila alipoieleza aliongeza wanawake watano.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mbishi, mchoyo wa tumbaku, na mtu wa kujitia kujua dawa za magonjwa ambayo hajapata kuugua. Na nchi kavu woga wake ulikuwa wa kuchekesha. Manyoya mazuri kuliko yote hutoka kwa jogoo wa kuchi, wale warefu wagomvi, naye alifuga watatu, akawaogopa kama simba. Mkewe ndiye aliyewakamata na kuwanyonyoa shingo, huku Fundi amesimama ndani, nyuma ya mlango, akiuliza kama kazi imekwisha. "Huyu mume wangu," mkewe alituambia, "hata malaika akija kumchukua, atamwambia kwanza aburuze miguu."

Uongo aliuchukia. Aliwahi kumrudisha mteja kutoka njia ya Tanga mjini ili amwambie kwamba ndoana moja kati ya zile alizochukua ilikuwa na kutu. Nikamchokoza. Nikasema, Fundi, wewe mtu wa haki, na kazi yako yote ni kumdanganya samaki. Alifikiri, hakuudhika.

"Nimemwambia nini samaki? Mimi kimya. Yeye kaona, yeye kasadiki."

Wakati ule niliona ni jibu zuri sana.

Kila chambo alikitia jicho, ushanga mmoja kila upande. Alisema samaki humjua mwenziwe kwa jicho, na chambo kisicho na jicho ni takataka inayoelea. Maji yakiwa maangavu alitia shanga nyeusi, maji yakichafuka akatia nyeupe. Nyeusi zilikaa ndani ya kifuu, nyeupe ndani ya kopo. Asubuhi moja, mwaka wangu wa tatu pale, mkewe aliangusha vyombo alipokuwa akifagia, akavijaza upya, akakosea: nyeupe kwenye kifuu, nyeusi kwenye kopo. Nilimkuta Fundi amekaa mlangoni kwenye mwanga mkali, kazi inaendelea, vidole vyake vinakwenda haraka na vizuri kama siku zote. Alikuwa amemaliza vyambo tisa. Vyote vilikuwa na macho meupe.

"Leo maji maangavu, Mbondei," akasema. "Nimevitia jicho jeusi vyote."

Nilisimama na vile vyambo mkononi. Nikasema, "Naam, Fundi. Vizuri."

Baadaye nilivichukua nikabadilisha shanga mwenyewe, nikarudisha kifuu na kopo kama zamani. Hiyo ndiyo siku nilipoingia katika uongo wake, na hakunialika.

Baada ya hapo niliona yote. Niliona alivyoacha kuitikia mtu kwa mbali mpaka asikie sauti. Mwanamke mmoja alimwomba amtafutie sindano, naye akamfokea kwamba yeye si mtumishi wa kila mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alianza kunipeleka mbele ya Wazungu na kuniuliza kwa sauti ya mwalimu, "Mbondei, hebu niambie waona nini, nione kama wajifunza." Nami najibu, "Naona taa wawili, Fundi, kushoto, hatua arobaini, wa mbele kapakia." Naye huweka mkono juu ya paji, kisha husema, "Barabara. Ndiyo hao." Wazungu wakafurahi kwamba mzee anamrithisha mtu kazi yake.

Hatukuzungumza habari hiyo. Ningemwambiaje? Watu wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali ni rahisi kuitoa ukiwa umekaa kitako. Jicho la Fundi ndilo lililokuwa jina lake. Likijulikana limekufa, angebaki mzee mwoga anayeburuza miguu, na kicheko cha wale wanawake kingebadilika. Hilo aliliogopa kuliko mwiba. Mimi niliogopa aibu yake, na niliogopa zaidi Jumapili ambayo nitaugua homa naye aende mafunguni bila mimi.

Kulikuwa na hofu moja kubwa kuliko taa. Bahari yetu ikijaa haiji kwa mbele ukaiona. Kati ya mafungu na nchi kavu kuna mlango wa maji, mfereji mrefu ambao maji yakipwa unauvuka yakiwa ya mapajani. Bamvua, yale maji makubwa ya mwandamo na ya mwezi mpevu, ikigeuka, mlango hujaa kwanza, nyuma yako, huku wewe ukiwa umesimama kwenye maji ya magotini ukifurahia samaki. Kwa hiyo kila tulipovuka, Fundi alichomeka ukingoni kijiti chenye kitambaa chekundu kilichofungwa kwa urefu wa goti. Maji yakigusa kitambaa, tunarudi. Hakuna mazungumzo. Niliwahi kumwona akiuma mshipi wa Mzungu kwa meno na kuukata, kolekole akiwa bado mwishoni mwake, kwa sababu kitambaa kimelowa. Mzungu huyo, aliyekuwa meneja wa shamba moja la mkonge, alitukana kwa lugha yake mpaka tulipofika ng'ambo. Jumapili iliyofuata akarudi, akampa Fundi mkono.

Huyo Meneja ndiye tuliyekuwa naye siku ile.

Ilikuwa bamvua. Maji yalikuwa yamepwa mbali, mchanga umeachwa wazi mpaka upande wa pili wa mafungu. Fundi alichomeka kijiti chake, tukaenda. Tulikaa muda mrefu bila kitu, kisha nikaona. Taa mmoja mkubwa kama mlango wa nyumba, na juu yake kolekole wanne. Nikawataja. Fundi akasema ndio hao. Meneja akatupa, akakosa, akavuta, akatupa tena. Walikuwa wanakwenda polepole, nasi nyuma yao tukiburuza.

Niligeuka kutazama kijiti. Kazi ya kutazama kijiti ilikuwa ya Fundi tangu siku ya kwanza. Mimi niligeuka kwa woga wangu tu. Kitambaa kilikuwa kimelowa nusu.

Nieleze vizuri hapa, maana ndipo palipo na deni langu. Nilikiona. Ningesema neno moja, "Maji." Lakini Meneja alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, na Fundi alikuwa ameelekea palepale kwenye kijiti, uso wake umekitazama, na hakusema kitu. Nikisema mimi, Meneja atauliza mbona mzee hakuona. Nikangoja aseme yeye. Nikajiambia labda ataona sasa hivi. Nikajiambia kitambaa kimerushiwa maji na upepo. Nikageuka kutazama samaki, na Meneja akanasa.

Alipigana na yule kolekole kwa muda ambao siwezi kuupima. Nilipogeuka tena hapakuwa na kijiti.

"Fundi," nikasema.

Hakuuliza nini. Alisema tu, "Nishike kikoi nyuma, usikiachie. Usinyanyue mguu." Meneja naye akaona, akaachia mwanzi na samaki wake, akaja mbio. Alijua kuogelea, akatutangulia kwenye mlango, akawa anaita kutoka katikati. Mimi sikuwa nasikia anachosema. Maji yalikuwa kiunoni, kisha kifuani, na yanavuta kwenda pembeni kwa nguvu. Fundi alitembea kana kwamba yuko uani kwake, akisoma chini kwa nyayo: mchanga mgumu, majani, mchanga laini, geuka hapa. Katikati ya mlango mkondo ukaniondoa miguu. Nikamwachia kikoi, nikameza maji, nikaamini nimekufa, na nakumbuka sikumwita Mungu, nilimwita dada.

Mkono wake ukanishika ukosi. Ili anisukume ilimbidi asimame imara, na ili asimame imara ilimbidi anyanyue mguu akaupige chini mbali mbele. Nilimsikia akiguna, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani. Kisha akanisukuma kwa bega, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka Meneja akanidaka nguo. Tulipotoka alikaa mchangani, akanyoosha mguu wa kushoto, akautazama upande ambao jeraha la mwiba halikuwepo.

Mkewe aliukanda kwa maji ya moto, na maumivu yakapungua. Siku ya pili mguu ukavimba. Tukamwambia twende hospitali Tanga mjini, akakataa. Siku ya tatu akakataa. Siku ya nne chumba kikawa na harufu, mkewe akachoma ubani, na Fundi mwenyewe akacheka kidogo kitandani akasema la kuvunda halina ubani. Nilikaa naye tulipokuwa peke yetu nikamsihi. Akasema daktari huanza kwa kumulika macho, hata uende na jino. Siku ya saba Meneja alikuja na gari lake, akaingia bila hodi, akambeba mwenyewe. Hospitali wakaukata juu ya goti. Nusura afe.

Nilirudi na Meneja garini jioni ile. Tulipopita mashamba ya mkonge akasema, bila kunitazama, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mzee haoni. Mimi najua zamani. Mwaka mzima."

Nikatazama safu za mkonge zikipita.

"Wewe naona, wewe nasema, yeye nasema ndiyo hao. Mimi siyo mtoto. Nilifikiri ninyi wawili najua kwamba mimi najua." Akaendesha kidogo. "Nilifikiri ni heshima."

Tulikuwa watu watatu kwenye maji yale, kila mmoja anajua, kila mmoja amefunga mdomo kwa kumwonea haya mwenzake.

Sikukaa tena pwani. Niliingia mjini, nikauza machungwa ya kwetu Muheza sokoni Tanga, kazi ambayo haina maji wala mashine. Fundi alihamia mtaa wa Nguvumali, mjini humo, kwa binti yake baada ya mkewe kufariki. Nilikuwa nikipita mtaa wa pili kila wiki na gunia langu, na kwa miaka minne sikukata kona. Niliogopa. Nilipokwenda hatimaye ilikuwa baada ya sala ya alasiri, siku ya Ijumaa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, shuka limefunika paja lililokatwa, macho meupe kabisa. Nikasema shikamoo Fundi. Akaitikia, akageuza uso kunifuata sauti.

"Mbondei. Nilidhani umezama."

Tukaongea mambo ya bei ya machungwa, ya dada, ya mvua. Kisha nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Fundi, siku ile nilikiona kitambaa. Kilikuwa kimelowa nusu tu. Sikusema."

Hakushtuka. Alipapasa ukingo wa mkeka, akauvuta nyuzi.

"Nami niliyasikia maji," akasema. "Yakigeuka huwa baridi kwenye ugoko. Niliyasikia kabla yako, yahe. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kijiti hutazamwa. Sikujua nimeelekea wapi. Ningesema maji yajaa na kumbe nimekipa kisogo, yule Mzungu angejua siangalii kijiti. Nikangoja useme wewe."

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

"Najua."

Binti yake alipita na ndoo, tukangoja aingie ndani. Fundi akasogea karibu nami, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamsikia ananiomba kitu.

"Yule Meneja. Alijua?"

Nilimtazama. Swali hilo lilifaa kuulizwa mtu mwingine, si mimi, mtu ambaye hajapata kusema neno gumu mbele ya mtu yeyote. Ukweli nilikuwa nao mdomoni, maneno matatu tu ya kile Kiswahili cha garini.

"Hakujua, Fundi."

"Niapie."

"Haki ya Mungu. Mpaka leo anakusifu jicho lako."

Akavuta pumzi ndefu, ikamtoka polepole. Akaweka mkono juu ya shuka, pale mguu ulipoishia, akaupigapiga taratibu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi haukwenda bure."

Akamwita binti yake alete kahawa. Nilikunywa vikombe viwili, uso nimeugeuzia ukuta wa ua, na namwomba Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba haoni.